Nasubiri karafuu zianuliwe

Saa kumi na mbili u nusu niko uani na ndoo ya maji, sabuni ya vyombo na grili, ule uso wa mbele, ya gari aina ya Noah. Karakana yangu ndiyo huu ua, hapa Machomane, Chake Chake: meza moja, turubali, na kamba ya kutundikia. Nikimwambia mtu kazi yangu ni kupaka rangi vitu vya nikeli vya magari, hunijibu, "Aa, wapuliza!" Kupuliza ni dakika kumi. Siku yote ni msasa.

Nikeli haishiki rangi. Ukiipaka na mng'aro wake, baada ya muda mfupi rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Basi naanza na msasa namba 320, kwa maji ili vumbi lisiniingie kifuani, kisha 600, mpaka mng'aro ufe kabisa ibaki kijivu. Grili hii ina mbavu kumi na moja, na kila ubavu una pembe zisizoingia ila ncha ya kidole. Pembezoni nikeli ilishaanza kuvimba, chumvi ya bahari hiyo. Hapo nakwangua hadi ukipitisha kucha usihisi ukingo.

Saa mbili akaja mwenye gari. Kesho alasiri anabeba bibi harusi kwenda Wete, anataka iwe nyeusi tii. "Fundi, tayari?" Saa tatu u nusu karudi. Saa nne kapiga simu. Saa tano kaja tena, safari hii na nasaha: kuna fundi Unguja huimaliza kwa nusu saa. Nikampa kipande cha msasa na ubavu mmoja. Kasugua, kasugua, halafu simu yake ikaita kwa bahati njema.

Adhuhuri nimeshaosha na kukausha. Nafuta kwa spiriti, si kwa tina ya kuzimulia rangi, maana chini ya nikeli grili hii ni plastiki, na palipobanduka tina huila. Kuanzia hapo siigusi kwa mkono mtupu. Jasho la kidole tu linatosha kuiharibu.

Na hapo ndipo siku iliponikwama. Bi jirani kaanika karafuu kwenye majamvi nyuma ya ukuta, na kusi inavuma kutoka kwangu kwenda kwake. Karafuu zinazonuka rangi atampelekea nani? Ndani kuna mtoto mchanga, sipulizi. Nikangoja. Nikala, nikasali, nikangoja. Likapita wingu zito, roho ikanifurahi. Bi jirani akaliangalia. "Halina mvua hilo, mwanangu."

Sijui ilikuwa saa ngapi alipoanza kuanua. Mimi na mwenye Noah tukaruka ukuta kumsaidia. Yeye na kanzu yake ya kwendea mjini, kapiga magoti anajaza polo. Siku nzima sikupata kumpenda ila pale.

Praima ya plastiki, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, mkono mmoja mwembamba. Ingekuwa bampa la chuma la gari kongwe ningetia ile inayong'ata chuma. Kisha nyeusi, mikono mitatu, kila mmoja unangoja mwenzake ushike. Kliya, ile ya juu ya kung'arisha, sikuthubutu: magharibi hewa ina unyevu, ingepauka kama maji ya mchele.

"Sasa kesho saa ngapi?"

"Kliya saa tatu jua likishapanda. Saa nane uje uifunge. Na usiibandike mapambo ya harusi yenye gundi."

Saa nne usiku mgongo umekataa kulala chali. Simu ikawaka: "Fundi, imekauka?"