Fimbo ya mpwa wangu

Mpwa wangu anataka kupanda punda kwenye mashindano ya Maulidi, na kitu cha kwanza alichoniomba ni fimbo. Nimempa. Nimemkatia fupi, toka kiwiko hadi vidole, nikaikwangua mpaka vifundo vikaisha.

Hapa Lamu fimbo ina kazi. Punda hana lijamu wala matandiko, mpandaji anakaa nyuma karibu na makalio, na usukani wake ndio huo mti. Ukimgusa shingo upande wa kulia, anakata kushoto. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni zile fimbo za mwisho wa mbio, mbavu za mnyama zinapanda na kushuka na kijana anazidi kuteremsha tu.

Nikisema, naambiwa, "Mjomba, mbona Wazungu wanachapa farasi wao?" Wanachapa, lakini kwa hesabu: Uingereza, tangu 2023, ukichapa zaidi ya mara 6 kwenye mbio za tambarare, au 7 kwenye za kuruka viunzi, unaadhibiwa. Norwei walianza kuubana mjeledi zamani, 1982. Na mwaka 2011 watafiti wa Australia walipima mbio wakaona farasi hupigwa zaidi mwishoni, akishachoka, na kasi haiongezeki. Nguvu zimekwisha, utamchapa azitoe wapi? Wengine hujitetea kuwa ngozi yake ni nene. Nayo ilipimwa, 2020: ile tabaka ya juu haina tofauti ya maana na yetu.

Vile vyuma vya kisiginoni wanavyovaa wapanda farasi kwetu havipo, alhamdulillahi. Ila nimemwona mtoto mmoja akimdunga punda wa mchanga kwa ncha ya mti, palepale kila siku, mpaka manyoya yakatoka na inzi wakapajua. Na zahanati ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iko hapo ufukweni tangu 1987, inatibu bure!

Kwa hiyo kijana wangu nimempangia hivi: alfajiri atoke na punda bila mzigo, amwendeshe kwa kumpigia ulimi, akiitika amkune chini ya masikio. Akigoma, aanze kukagua kwato na mgongo. Fimbo aishike, aelekeze. Akirudi na alama kwenye makalio ya punda wangu, Maulidi ijayo ataketi ukutani nami tutazame wenzake.

Bado anabisha. Na mamake yuko upande wake.