Nimeangalia Interstellar na bibi

Wikiendi hii nimeangalia Interstellar, ile filamu ya mwaka 2014, na bibi yangu hapa Dodoma, nikimtafsiria. Wengi huisifia kwa vyombo vya angani na shimo jeusi. Mimi kilichonishika ni vumbi. Katika dunia ya filamu hiyo ngano imekufa kwa ugonjwa, bamia nayo inaondoka, yamebaki mahindi tu, na mezani sahani zinapinduliwa zisijae mchanga. Bibi akacheka: "Kumbe na Wazungu hupindua sahani!" Kwetu kiangazi upepo ukivuma, usipofunika chakula unakula vumbi.

Halafu akauliza: mbona wang'ang'anie mahindi? Mgogo anajua mvua ikikata mapema mahindi ndiyo huungua kwanza, uwele na mtama vinabaki vimesimama. Sikuwa na jibu. (Mwongozaji Christopher Nolan alipanda kweli ekari 500 za mahindi huko Alberta, Kanada, kwa ajili ya filamu hiyo. Si mchezo.)

Ya angani sitayamaliza hapa, ila ile sayari ya maji, saa 1 kule ni miaka 7 duniani! Mshauri wao wa sayansi alikuwa mwanafizikia Kip Thorne, aliyekuja kupata Nobel mwaka 2017. Cooper, mhusika mkuu, anarudi chomboni kutoka huko, miaka 23 imeshapita, anatazama video za wanawe ambao sasa ni watu wazima. Analia. Bibi hakulia. "Wanawe angalau wametuma salamu," akasema, akaniamuru nimpigie mjomba aliyeko Dar saa ile ile.