Kosta mbili, Madale mpaka Africana: nilivyomaliza kelele za basi la shule

Ukitaka ushauri wa bure Dar es Salaam, sema tu unasimamia mabasi ya shule. "Ongezeni gari." "Fungeni kamera." "Fukuza hao vijana, ajiri madereva wazee." Mimi nimeshauriwa mpaka na fundi pancha. Katika wote hao hakuna aliyewahi kukaa siti ya mbele saa kumi na moja alfajiri akaona muda unavyopotea. Mimi nimekaa. Na kabla ya hapo nimening'inia mlangoni mwa daladala za Barabara ya Bagamoyo miaka ya kutosha, kwa hiyo nilipoitwa kusimamia usafiri kwenye shule moja ya binafsi huku Tegeta sikwenda na cheti, nilikwenda na uzoefu wa kufukuzwa na abiria.

Tulikuwa na Kosta mbili, za njano, leseni ya LATRA, wale wadhibiti wa usafiri wa ardhini, ipo, matairi ya kuridhisha. Moja ni ya Boko na Bunju, inakwenda na kurudi njia ileile, hiyo haina maneno. Yenye maneno ni ya pili: inatoka Tegeta Kibaoni, inapanda Wazo, Madale, Goba, inashuka Tangi Bovu, halafu inarudi na Barabara ya Bagamoyo kupitia Africana mpaka shuleni. Duara kamili. Mtoto wa Madale alikuwa anaamshwa saa kumi usiku. Shuleni anafika amelala, dirisha limemchora shavuni.

Kabla sijakaa sawa, mkurugenzi alikuwa ameshaelewana na kijana mmoja mtaalamu wa mitandao. Kifaa kinafungwa kwenye gari, mzazi anapakua programu, anaona basi lilipo kwenye ramani. Milioni na kitu ikatoka, mbali na malipo ya kila mwezi. Nikasema kwa adabu, "Bosi, tungoje kidogo." Nikaambiwa naogopa teknolojia.

Sasa sikiliza kilichotokea. Zamani mzazi alikuwa hajui basi liko wapi, kwa hiyo mtoto alikuwa tayari getini mapema, amevaa, begi mgongoni. Baada ya programu, mama anafungua simu akiwa kitandani: "Aah, bado wapo Wazo." Anageuka upande wa pili. Anafungua tena: "Wapo kwa jirani." Hapo ndipo mtoto anaanza kutafutiwa soksi! Tunafika, tunapiga honi, mbwa wanabweka mtaa mzima, dada wa kazi anachungulia dirishani, "Anakuja, anakunywa chai." Anakunywa chai! Na gari lina watoto ishirini na kitu wanaomsubiri amalize andazi. Basi likazidi kuchelewa kuliko lilivyokuwa, ila sasa kila mtu anaona kwenye ramani namna linavyochelewa, na grupu la WhatsApp linawaka moto. Kifaa kile nilikibakiza, kinanisaidia kuona dereva akitoka nje ya ruti, lakini programu ya wazazi niliizima.

Ndipo nikabeba daftari na kukaa mbele. Niliandika kila geti: saa ngapi tumesimama, saa ngapi tumeondoka. Kuendesha kwenyewe kulikuwa muda mdogo. Kulikotumaliza ni kusimama. Nikafuta mageti yote, nikaweka vituo: duka la dawa, kanisa, genge la ndizi, mahali penye taa na watu, gari lipate pa kuegemea nje ya lami. Kila kituo kina saa yake, na basi linasubiri dakika moja.

Mama mmoja wa Goba akaja ofisini amefura. "Baba, mimi nalipa ada ya basi, nimelipia getini kwangu." Nikamjibu, "Mama, umelipia mtoto afike. Getini kwako ilikuwa zawadi." (Ada yenyewe ni kama laki tatu na nusu kwa muhula, inapanda na kushuka kwa umbali.)

Sheria ya dakika moja haina maana mpaka mtu aachwe, na wa kwanza kuachwa alikuwa, Mungu si Athumani, mtoto wa mjumbe wa kamati ya shule. Dereva akaniangalia. Nikamwambia, "Twende." Tulipofika kituo cha mbele nikaona bajaji inakuja mbio, ndani yupo mjumbe mwenyewe, juu koti la suti, chini bukta, kashika kiatu kimoja cha mtoto. Tukampokea mtoto, nikamwamkia vizuri tu, "Shikamoo mzee." Kufika saa nne, Goba yote wana habari. Kuanzia siku hiyo watoto wanatutangulia kituoni. Wa chekechea na wa darasa la kwanza hawaachwi, hao tunapiga simu, msije mkaniga vibaya.

Lakini kazi ninayojivunia ni ya duara. Jioni basi lilikuwa linarudi kinyumenyume: Africana, Tangi Bovu, Goba, mwisho Madale. Yaani mtoto yule yule anayeamshwa wa kwanza ndiye anayeshushwa wa mwisho. Nikauliza kwa nini, nikajibiwa, "Ndivyo ilivyo." Nikasema jioni tuzunguke kulekule kama asubuhi. Anayepanda wa kwanza, ashuke wa kwanza.

Wazazi wa Africana wakaja juu. Mtoto wao yuko jirani na shule, azungushwe Goba kwa nini? Nikaitisha kikao, sikubishana. Nilibandika karatasi ukutani, haina majina, ina namba tu: mtoto huyu anapanda saa ngapi, anashuka saa ngapi. Nikaomba mzazi mmoja ajumlishe kwa sauti. Nilimchagua kwa makusudi, baba wa Africana, mhasibu. Akajumlisha wa Madale, ikakaribia saa nne kwa siku ndani ya basi. Akajumlisha mwingine, hata nusu saa haikufika. Akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nikamwambia ni wa kwake. Ukumbi ulicheka, naye akacheka, hoja ikapita. Siku hizi wa Madale anafika nyumbani jua lipo, na tukiondoka shuleni saa tisa na nusu tunamaliza Tangi Bovu kabla foleni ya watokao mjini haijakaza.

Madereva sikufukuza hata mmoja. Dereva wa daladala anakimbia kwa sababu ana hesabu ya tajiri jioni, mpe mshahara unaoingia kwa tarehe uone atakavyotulia. Ugonjwa uliobaki ulikuwa wa kupakia abiria mchana gari likiwa tupu. Huo niliutibu kwa kuandika kilometa za dashibodi kila funguo zinapotoka na kurudi. Na funguo sipokei bila kibao cha mbao ambacho matroni, mwangalizi wa watoto garini, hukitundika kiti cha nyuma kabisa kila gari linapoondoka shuleni. Kukifuata lazima dereva atembee mpaka nyuma, na akitembea atamwona aliyesinzia chini ya siti. Kibao kilichongwa na seremala wa jirani kwa hela ya soda.

Matroni anakaa mlangoni, hakai mbele kupiga stori na dereva. Ni levo siti, hakuna kupakata. Breki tunakagua likizo, hatungoji trafiki waje Januari. Tangu basi la wanafunzi lilipotumbukia shimoni kule Mtwara Julai 2022, wazazi wananiuliza breki kabla ya kuniuliza ada, na wana haki. Asiyetaka masharti yangu, daladala zipo, nauli ya mwanafunzi shilingi 200, akapambane na konda. Nawajua makonda.

Masika vituo vyote vya ndani ndani vinahamia kwenye lami, mtoto aletwe na buti zake. Kosta ya tatu haijanunuliwa. Wa Africana wameomba kikao kingine mwezi ujao, nami nimeshaanza kuandika karatasi mpya.