Mlango wa abiria umekubali (na bima ilikubali nusu)

Mlango wa mbele wa abiria hatimaye umekubali. Leo nimeufuta kwa spiriti, nikausogeza juani, nikaumulika kwa tochi kutoka pembeni, na hakuna alama hata moja iliyorudi. Nina furaha kubwa.

Kwa wasiojua ulikoanzia: gari liligongwa ubavuni likiwa limeegeshwa, bima kubwa ikalipa, na gereji iliyopangwa na kampuni ya bima ikanyoosha mlango na kuupiga rangi upya. Siku ya kulichukua, mlango uling'aa kuliko gari zima. Baada ya kuoshwa mara chache mng'ao ukaanza kufifia, chini yake ikajitokeza mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui, pamoja na zile hologramu, michirizi ya mwanga inayotembea unapolizunguka gari juani. Kila nikiosha, zinazidi.

Uoshaji haukuhusika, maana milango mingine inapitia ndoo zilezile mbili na glavu ileile, nayo ni safi. Nikachanganya spiriti ya aisopropili na maji, nikafuta kipande kidogo, na alama zote zikajitokeza kwa mkupuo. Gereji ilipiga msasa, ikapitisha mashine ya rotari, ile ambayo pedi yake inazunguka papo hapo tu, harakaharaka, kisha ikafunika kazi kwa polishi ya kujaza yenye mafuta mengi. Mafuta yale yanakaa ndani ya mikwaruzo na kuificha, mpaka sabuni iyatoe. Jambo hili linaniudhi sana, kwa sababu fundi aliyefunika alijua anachofunika.

Kabla ya kugusa chochote nilipima unene. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya maikroni 100 na 180, na klia yenyewe, lile tabaka la juu linaloonya, ni kama 40 au 50 tu. Mlango huu ulisoma zaidi ya 250 sehemu kubwa, na karibu na kitasa ukapita 600, yaani kuna puti. Puti si dhambi ikipakwa vizuri. Ila kipimo hakitenganishi klia na praima wala puti, kwa hiyo namba kubwa isimpe mtu moyo wa kukata, yaani kusaga klia, anavyotaka.

Sasa, ukungu. Huu ndio ulionitesa. Kompaundi kali, ile dawa ya kusagia rangi, pamoja na pedi ya mikrofaiba iliondoa mikwaruzo ya rotari vizuri kabisa, lakini ikaacha ukungu wa kijivu. Nikapunguza kasi, ukungu. Nikabadili kompaundi, ukungu. Nikajaribu pedi ya sufu, ukawa mbaya zaidi. Nikaongeza nguvu ya mkono, nikaipunguza, nikaosha pedi, nikafanya kazi kivulini bodi ikiwa imepoa: ukungu uleule, umekaa kana kwamba umezaliwa na mlango.

Jibu lilikuwa kwenye rangi yenyewe. Kiwandani bodi tupu huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140, jambo lisilowezekana gereji, ambako gari lina plastiki, mpira na nyaya, hivyo tanuri hufika nyuzi 60 hivi, au rangi huachwa ikauke kwa hewa. Klia ya gereji, hasa ikiwa bado changa, mara nyingi huwa laini kuliko ya kiwandani. Nyuzi za mikrofaiba zinazokata vizuri kwenye milango mingine zilikuwa zinaukwaruza huu kila zikipita. Hakuna kompaundi ya kutibu hilo wakati pedi ndiyo inayokwaruza.

Nilipohamia sponji laini na polishi ya kati, kasi ndogo, uzito wa mashine peke yake bila kukandamiza, ukungu ukaondoka kipande baada ya kipande. Pedi napuliza kwa hewa ya kompresa kila nikimaliza eneo, na ikilowa naiweka kando na kuchukua nyingine. Zilibaki alama za msasa zilizojikunja karibu na kitasa. Hizo nilizisugua kwa mkono kwa msasa wa 3000 na maji mengi, kisha sponji ileile.

Kuhusu mashine: sifa zote siku hizi zinakwenda kwa zile ambazo pedi inazunguka huku ikiyumba, zenye upana wa kuyumba wa milimita 15 na 21. Kwenye boneti ni tamu kweli. Pembeni mwa kitasa na kwenye mkunjo wa mlango pedi inasimama kuzunguka na unabaki unatetemesha tu. Mashine yangu ya milimita 8 yenye pedi ndogo ndiyo iliyomaliza kazi, na sitaiuza.

Upande wa bima. Wakati wa kuchukua gari unapewa fomu ya kukiri umeridhika na matengenezo. Mimi niliandika juu ya sahihi yangu kwamba rangi haijakaguliwa baada ya kuoshwa, na mstari huo ndio uliofungua tena faili. Mkadiriaji alirudi. Nilimwonyesha picha za kabla ya ajali, picha za siku ya kuchukua, na za kabla na baada ya kufuta kwa spiriti, zote kwa mwanga uleule. Mikwaruzo akaiita uchakavu wa kawaida, na uchakavu haulipiwi. Nilimjibu kwamba fidia maana yake ni kunirudisha nilipokuwa kabla ya hasara, na picha zinaonyesha nilipokuwa. Wakanipa nafasi ya kurudi gereji ileile wapige polishi tena. Nilikataa. Rotari nyingine juu ya klia ile ingeniachia nini?

Walichokubali ni madigadi. Rangi ni ya metaliki, na makadirio ya kwanza yaliacha kazi ya kuififisha rangi mpya hadi kwenye madigadi ili mpaka usionekane. Hilo lililipwa na kufanywa na fundi mwingine, safi. Wenye rangi za metaliki, soma makadirio mstari kwa mstari kabla kazi haijaanza. Baadaye ni vita.

Mpango ulikuwa kupaka seramiki, ile kinga ngumu ya juu ya rangi, wiki hii. Nimeahirisha, rangi iendelee kupumua kwanza. Isitoshe, nikiwa na tochi mkononi nimeona taa ya mbele kushoto imeanza kuwa njano, ile kinga ya jua juu ya plastiki imechoka. Tepu nimeshaizungushia, na maji yenye sabuni yako tayari. Naanza na msasa wa 1000.