Kanga ya Chanikiwiti

Flashi ilifika nyumbani Januari 2010, imefungwa ndani ya leso pamoja na ubani wa Dhofar, Oman. Ndani yake mlikuwa na video ya dakika tisa ya mdogo wake Bibi, aliyeondoka Unguja 1964 na miaka mingi baadaye akaweka makazi Muscat. Hawakuwahi kuonana tena.

Lakini Unguja nzima ilikuwa gizani. Umeme ulikatika Desemba kwa hitilafu iliyotokea Fumba, kebo ya chini ya bahari kutoka bara inapotua, na haukurudi hadi Machi. Jirani alikuwa na jenereta, ila umeme wake ulipanda na kushuka, nami niliiogopea kompyuta. Bibi akaihifadhi flashi sandukuni. Kila Ijumaa akiitoa na kunipa niikague, nimhakikishie kuwa haijaharibika.

Umeme uliporudi sikutaka aitazame kwenye monita yangu ya inchi 15. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, na wanawake wa mtaani nao waliingoja siku hiyo. Ukumbini tulikuwa na TV ya chogo ya inchi 21. Deki yetu haikuwa na pa kuchomeka flashi, basi njia ilikuwa moja: kompyuta iunganishwe na TV.

Nyuma ya kompyuta, kwenye kadi ya picha, palikuwa na tundu dogo la mviringo, lile la S-Video. TV ilikuwa na matundu ya AV tu: la njano la picha, nyekundu na nyeupe ya sauti. Nilizunguka Darajani mchana kutwa mpaka nikapata kipande cha kuunganishia tundu la mviringo na waya wa njano. Waya wa sauti nilikuwa nao. Nikawasha TV kwanza, kisha kompyuta, maana kadi ile ilitafuta TV pale tu kompyuta inapoanza kuwaka.

Picha ikaja. Ukumbi ukanyamaza. Bibi akasogea mbele ya mkeka, akatazama muda mrefu.

"Mwanangu, mbona hamna rangi?"

"Si ndiye lakini, Bibi?"

"Ndiye. Ila hiyo kanga siijui. Mimi nilimpelekea ya chanikiwiti."

Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati bara walingoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni yao. Bibi alizoea rangi, na siku ile alikuwa na haki kamili ya kuidai. Kanga aliyompa msafiri tangu Ramadhani ndiyo iliyokuwa salamu yake.

Fundi mmoja aliyekuwapo akasema TV imechoka. Nikarudisha waya wa antena: TVZ, televisheni ya Zanzibar, ikaonekana, rangi zote zipo. Basi kasoro haikuwa kwenye TV. Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi. Herufi zilikuwa ukungu kwenye kioo kile, ikanibidi nirudi kuzisoma kwenye monita. Mfumo wa picha za TV uliochaguliwa ulikuwa NTSC, ule wa Marekani, wa mistari 525. TV zetu zilikuwa za PAL, mistari 625. Mwanga wa picha TV yetu iliweza kuusoma, lakini rangi hufungwa kwa namna tofauti katika kila mfumo, nayo ilijua namna moja tu. Nikachagua PAL. Kioo kikazima, moyo ukanidunda, kikawaka tena.

Ukuta nyuma yake ulikuwa wa samawati. Hina ilikuwa mikononi. Na kanga, begani, kijani kibichi kama mgomba uliotoka kunyeshewa.

"Chanikiwiti," Bibi akasema, taratibu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akainua mkono kuwanyamazisha, maana mdogo wake alikuwa bado anazungumza.