Usiku ule mama alilala kwa gari

Hii ni Aprili 2020, Nairobi, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi nilikuwa msaidizi kwa kliniki ndogo ya wanyama, mbwa na paka sana sana, mara mojamoja mbuzi wa mtu.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa Machi 13, na haikupita muda daktari akatuambia kuanzia sasa mwenye mnyama haingii ndani. Abaki kwa gari, apige simu, mimi natoka na kamba yetu namchukua mbwa, kamba yake anabaki nayo, yetu ikirudi inaingia kwa ndoo ya jiki. Pesa ni M-Pesa tu. Sisi wenyewe tukagawanywa makundi mawili, wiki yenu wiki yetu, ndio mmoja akiugua kliniki isifungwe. Usafi haukutusumbua, parvo, ule ugonjwa wa mbwa wa kuambukiza, ilishatufunza kitambo. Watu walikuwa wanafika getini wananukia sanitaiza wakidhani wameua kila kitu, na kirusi cha parvo hata hakishtuki ukikipaka spiriti, hicho ni jiki na uiache ikae.

Shida ilikuwa ile mita moja na nusu ya kukaa mbali na mwenzako. Mmoja anamshika mbwa, mwingine anatafuta mshipa kwa mguu wa mbele, vichwa vinakaribia kugongana, sasa hiyo mita utaiweka wapi?

Basi siku hiyo saa kumi na moja na nusu jioni simu ikalia, mama mmoja yuko getini na Jemani shefadi wake, Chui, anasukuma tangu saa saba mchana, maji ya kijani yametoka na hakuna mtoto hata mmoja. Hayo maji ya kijani kabla ya mtoto si ya kungojea kesho. Nikatoka mbio, barakoa, miwani, glavu, aproni ya plastiki, Chui kuniona tu akatoa meno yote.

"Kijana wangu, huyo atakula mkono," mama akasema. "Anakuona mwizi."

Nikafanya ujinga, nikashusha barakoa nimwite kwa jina anione uso. Daktari akanipigia kelele kutoka dirishani, sijawahi kuitwa kwa sauti hiyo. Halafu akatoka mwenyewe na trei ya dawa, akasema hatuingii, tunamchoma hapa hapa nje kwa veranda, upepo upo. Mama akapiga magoti, barakoa ya kitambaa cha kitenge, akakumbatia kichwa cha Chui na uso wake akaugeuzia ukutani asitupumulie, huku anamnong'oneza mbwa Kikamba. Dakika chache Chui akalegea tukambeba ndani.

Watoto sita. Mmoja alikuwa ameshakufa, wawili walitoka hawapumui, nikawasugua kwa taulo na kuwavuta ute puani na kile kimpira mpaka wakalia, na kila mara nikiinua macho naona taa ya simu ya mama dirishani, amesimama kwa maua.

Kumaliza ni saa moja na dakika ishirini. Barabarani tayari ni polisi, mama akasema atalala kwa gari hapo ndani ya geti, na sisi pia hakuna aliyekuwa anaenda mahali.

Tukapika chai. Jikoni yetu ni kama choo kwa upana, watatu tumebanana, barakoa ziko mezani kando ya sukari, tunacheka vile Chui alikuwa anikule. Nilikuwa katikati ya hadithi daktari akaziangalia zile barakoa, akanyamaza, akachukua kikombe chake akatoka nje. Tukamfuata bila kuambiwa, tukanywa tumesimama uani, kila mtu kona yake.

Mama akashusha kioo kidogo. "Daktari, hiyo chai imebaki?"

Nikamletea kikombe nikakiweka juu ya boneti, nikarudi nyuma hatua mbili ndio akafungua mlango.