Hakuna aliyemchukia mwenzake, kambi zikazaliwa

Siasa zikichacha mtandaoni, hakosi mtu wa kusema kwamba algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazochagua tuonyeshwe nini, ndizo zilizotugawa. Huenda zina lao. Mimi napenda kwanza kutazama modeli, yaani jamii ya kubuni ndani ya kompyuta, isiyo na algoriti hizo, wanasiasa wala matusi, nione itaishia wapi.

Ninayoichezea zaidi ni ya mtafiti Deffuant na wenzake, ya mwaka 2000. Kila mtu ana namba kati ya 0 na 1, ndiyo maoni yake. Wawili wanakutanishwa kwa bahati nasibu. Tofauti yao ikiwa chini ya kizingiti, yaani kikomo nilichokiweka mwanzoni, wanasogeleana; ikizidi, kila mmoja anashika njia yake kana kwamba hawakuonana. Mwenye 0.30 akikutana na mwenye 0.44, na kizingiti ni 0.2, wote wawili wanaweza kuishia 0.37. Basi. Programu yake haijazi ukurasa.

Weka kizingiti 0.5, na watu elfu moja waliotawanyika kote wataishia mahali pamoja. Kishushe hadi 0.2, wanajikusanya katika kambi mbili, na zikishaachana hazisikilizani tena. Kwa kukadiria, zidisha kizingiti kwa mbili, kisha gawanya 1 kwa jibu hilo, utapata idadi ya kambi kubwa. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba humo ndani hamna chuki hata chembe. Kila mtu yuko tayari kulegeza msimamo, ila kwa walio karibu naye tu.

Modeli za zamani zilikuwa na tatizo la kinyume. Katika ile ya DeGroot ya 1974, kila mtu anachukua wastani wa maoni ya anaowaamini, kila mmoja kwa uzito wake, na mtandao wa watu hao ukiwa umeungana vizuri wote hufikia muafaka. Abelson alikwishashangazwa na jambo hilo mwaka 1964: hesabu zinaleta amani ambayo duniani haipo. Mwaka 1990 Friedkin na Johnsen wakaongeza ukaidi, yaani kila mtu abaki na sehemu ya maoni aliyoanza nayo. Tofauti zikadumu.

Sasa ile dawa inayopendwa: watu waonyeshwe maoni ya upande wa pili. Kwa Deffuant, dawa hiyo haiwezi kudhuru, kwa sababu hakuna mstari hata mmoja wa programu unaowasukuma watu mbali. Jibu limeshawekwa humo kabla ya swali. Lakini mwaka 2018 Bail na wenzake walichapisha jaribio ambamo watumiaji wa Twitter nchini Marekani walilipwa dola 11 wafuate kwa mwezi mmoja akaunti ya roboti iliyosambaza maoni ya wapinzani wao. Wafuasi wa Republican walizidi kuwa wahafidhina. Wa Democrat walisogea kidogo upande wao wa kiliberali, lakini kiasi ambacho kitakwimu huenda ni bahati nasibu tu.

Kwa hiyo nimeweka kizingiti cha pili: tofauti ikikizidi, watu wanasukumana. Picha inabadilika kabisa. Wanarundikana kwenye 0 na 1, na nikiongeza nyuzi za kuunganisha kambi, yaani nikiwakutanisha zaidi watu wa pande mbili, mara nyingi nawasaidia kukimbiana upesi zaidi.

Hata hivyo simwamini mtu anayeniambia kizingiti cha jamii fulani ni 0.2. Kimepimwa kwa rula gani? Mtu huyohuyo anaweza kuwa jiwe kwenye suala la kodi, kisha akawa mwepesi kwenye suala la mazingira. Mstari mmoja wa 0 hadi 1 haumtoshi.

Siku hizi nawapa watu vizingiti tofauti. Mwanzoni inaonekana wenye kizingiti chembamba wameshinda. Vikundi vinaganda kila mahali. Lakini ukiiacha programu iendelee, wale wachache wenye kizingiti kipana wanakwenda huku na kule, wanavutwa na kuvuta, na mwishowe idadi ya kambi inafuata kizingiti chao wao. Tatizo ni muda. Inachukua mizunguko mingi mno, na kwenye modeli yangu hakuna uchaguzi unaoingia katikati.